Kijana anahamia chumba cha kupanga kwa mara ya kwanza: afundishwe nini kabla hajabeba godoro?

BabaMdogo_Kimara

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 20, amepata kazi Dar na mwisho wa mwezi huu anahamia chumba cha kupanga. Hajawahi kukaa peke yake. Kupika na kufua anajua. Habari za "jitume" na "uwe na nidhamu" ameshaambiwa na kila mtu, sizitafuti hapa. Nataka vitu vya mikono: akikutana nacho saa tano usiku yuko peke yake, ajue ashike wapi.

Chumba ni kimoja, choo cha nje cha kushirikiana, LUKU moja kwa vyumba vinne, na atapikia humohumo ndani kwa mtungi wa kilo 6. Zimebaki wiki mbili. Aanze na kipi, na afundishwe vipi hasa?

---

MtungiSalama

Mkuu, kama analala na mtungi chumba kimoja, aanze na gesi. Mengine akikosea atapoteza hela. Hapa akikosea ataunguza nyumba nzima na wenzake ndani.

Kwanza dukani. Kila mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu, kwenye kola ya juu au kwenye bati la pembeni. Mfano umeandikwa kilo 7.4. Mtungi uliojaa wa kilo 6 unatakiwa usome kilo 13.4 kwenye mizani. Aombe upimwe mbele yake kabla hajalipa, na aangalie sili ya mdomoni iko mzima. Mtungi wenye kutu inayomeguka, uliobonyea, au wenye mguu uliopinda asiupokee, aombe mwingine.

Kabla ya kufunga kichwa cha jiko au regyuleta (kile kifaa cha mdomoni kinachopunguza nguvu ya gesi), achungulie mdomo wa mtungi. Ndani kuna raba ndogo nyeusi ya duara, wengi huiita wosha. Hiyo ndiyo inayoziba. Ikikosekana, ikipasuka au ikikakamaa, gesi itapita pembeni hata ukaze namna gani. Hapo vijana wengi hukosea: wakisikia harufu wanachukua spana na kukaza zaidi, wanaharibu nati, na wosha inazidi kukatika. Ya kuzungusha kwa mkono ikazwe kwa mkono. Ikivuja, ifunguliwe na wosha ibadilishwe. Halafu vali za kampuni mbalimbali zinaweza kutofanana, kwa hiyo regyuleta ya mtungi wa rangi moja isilazimishwe kwenye mtungi wa rangi nyingine hata kama inaonekana kuingia.

Kupima kama inavuja: sabuni ya unga au ya maji kijiko kimoja, maji nusu kikombe, koroga mpaka itoe povu. Funga swichi ya jiko, fungua mtungi, halafu kwa sifongo paka povu hilo kwenye maungio yote: mdomo wa mtungi, shingo ya regyuleta, ncha mbili za mpira. Tulia nusu dakika uangalie. Pasipovuja, povu linabaki lilivyo. Panapovuja utaona kipovu kimoja kinavimba taratibu, kinapasuka, kinaanza kingine palepale. Afanye hivi kila anapobadilisha mtungi. Kupima kwa njiti ya kiberiti ni marufuku, hata kama anayemwonyesha ni mtu mzima.

Kuwasha: kiberiti kwanza, gesi baadaye. Kuzima: afunge mtungi kwanza, aache moto uishe wenyewe, ndipo afunge swichi ya jiko. Kwa kufanya hivyo mpira haubaki na gesi usiku. Akitumia kichwa kinachokaa juu ya mtungi, pafungwe pale pale na ahakikishe kwa kuinamisha sikio, maana mlio mdogo wa "sss" husikika chumba kikiwa kimya.

Sasa hiyo saa tano ya usiku. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi kwenye dirisha la juu, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda. Kwa hiyo kufungua dirisha peke yake hakutoshi, mlango ufunguliwe wazi. Akiamka na kusikia harufu: asiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, maana zote mbili hutoa cheche. Asiwashe feni ili "ipunge hewa", na tochi ya simu aiache. Afunge mtungi kwa kupapasa, afungue mlango, atoke, awaamshe majirani, na simu apigie nje. Mtungi ukiendelea kuvuja baada ya kufungwa, autoe uwanjani ukiwa umesimama wima, mbali na jiko la mtu yeyote. Namba ya Zimamoto ni 114, aihifadhi leo.

Moto ukitokea kwenye maungio na bado ni mdogo, kitambaa kikubwa kilicholowa maji kikakamuliwa, afunike kuanzia upande wake kwenda mbele, mkono ukiwa umefichwa nyuma ya kitambaa, halafu afunge vali. Ukishakuwa mkubwa asiuguse, atoke na awatoe wenzake.

Mambo madogo yaliyobaki: mtungi usilazwe hata ukikaribia kuisha, kwa sababu gesi iliyo kimiminika itaingia kwenye mpira na kutoka kwa kishindo. Akitaka kujua imebaki kiasi gani, amwagie ubavu wa mtungi maji ya moto ya kuoga, kisha apapase kutoka juu kushuka. Pale ambapo bati ghafla ni baridi ndipo gesi ilipoishia. Na moto ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haina kosa. Matundu ya kichomeo yameziba au hewa haiingii vizuri, yasafishwe kwa brashi kavu na sindano.

---

Waya_Tatu

MtungiSalama kamaliza upande wake. Mimi niongeze umeme.

Ajifunze kufunga plagi mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Chumba cha kupanga huwa na feni au redio ambayo plagi yake imekufa, na watu wanachomeka waya mtupu kwenye soketi wakibana na njiti ya kiberiti. Huko ndiko shoti zinakoanzia. Plagi ya miguu mitatu ukiifungua na mguu mrefu ukiwa juu, tumbo la plagi likikutazama: waya wa kahawia unakwenda kulia, penye fyuzi. Bluu unakwenda kushoto. Kijani chenye mstari wa njano ndio wa ethi, yaani wa usalama unaopeleka umeme ardhini, unakwenda juu. Umenye ngozi ya ndani kama sentimita moja tu, usokote nyuzi zote zikae pamoja, ziingie chini ya skrubu bila hata uzi mmoja kuchomoza. Halafu kile kibano cha chini kibane ganda la nje la waya, si nyuzi za rangi. Kibano kisipobana, siku mtu akijikwaa kwenye waya kahawia itachomoka na kugusa pasipotakiwa. Ethi iachwe ndefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kuchomoka.

Fyuzi: vitu vidogo kama feni, redio na taa ya mezani ni ampea 3. Pasi na birika ni 13. Fyuzi ikiungua asizungushie karatasi ya sigara. Fyuzi hiyo inalinda waya usiwake moto, na karatasi haiwezi kufanya hivyo.

Ekstensheni: plagi moja ya ampea 13 kwa umeme wetu wa volti 230 hubeba kama wati 3,000, na hapo ni kwa waya mzuri. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwa pamoja tayari zimefika mwisho. Zile ekstensheni nyepesi zenye waya mwembamba hata huko hazifiki. Kipimo cha mkono: baada ya dakika kumi za kutumia, shika plagi na waya. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ni ya moto, au unasikia harufu ya plastiki, chomoa. Na waya usikunjwe ukafungwa kitita wakati unatumika, joto linajikusanya katikati.

Sakiti breka ikianguka, asiipandishe mara tatu nne kwa hasira. Chomoa kila kitu, ipandishe mara moja. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja, na kile kinachoiangusha ndicho kibovu. Ikianguka na hakuna kilichochomekwa, kosa liko kwenye nyaya za ukutani, aitwe fundi.

---

BabaMdogo_Kimara

Asanteni sana, nimeyaandika yote kwenye karatasi. Waya_Tatu, swali la LUKU: mwenye nyumba anasema vyumba vinne vinachanga sawa. Mdogo wangu ana feni na taa tu kwa kuanzia. Hii ni haki?

---

Waya_Tatu

Mkuu, apige hesabu kwanza kisha aongee kwa adabu na hesabu mkononi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1,000.

Feni ya wati 60 kwa saa 10 ni uniti 0.6. Balbu ya wati 9 kwa saa 6 ni 0.05, karibu na bure. Simu ni kidogo mno, aiache. Kwa hiyo kwa siku hafiki uniti 0.7, kwa mwezi ni kama 20. Jirani mwenye friji ndogo inayokula kama uniti 1 kwa siku, televisheni ya wati 50 kwa saa 6, feni kama yake, na pasi ya wati 1,000 nusu saa mara mbili kwa wiki, anafika kama uniti 60. Tofauti ni mara tatu.

Kinachokula umeme kuliko watu wanavyodhani ni kuchemsha maji. Ndoo ya lita 20 kwa hita ya kuzamisha, kutoka maji ya bomba mpaka ya kuoga, inakula karibu nusu uniti. Watu wawili kila asubuhi, hiyo ni uniti 30 kwa mwezi. Na hita hiyo ichomolewe kwenye soketi kabla mtu hajatia mkono kwenye ndoo. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu baadhi ya soketi nyaya zake zimegeuzwa.

Dawa ya kudumu ni mita ndogo ya kila chumba, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na fundi anazifunga baada ya LUKU. Kila mwisho wa mwezi mnasoma na kuchanga kwa uniti. Ikishindikana, mkubaliane kila kifaa kikubwa kiwe na nyongeza yake. Jambo jingine: kundi la bei nafuu la TANESCO lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kwa mita nzima. Vyumba vinne kwenye mita moja vinapita hapo kirahisi, ndiyo maana uniti za kwao zinaonekana ghali kuliko za mtu mwenye mita yake. Pia tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo waulizane mapema nani anaibeba.

---

Mama_Risiti

Mnaongea mambo ya ndani ya chumba wakati kijana bado hajalipa. Kabla ya kulipa ndipo ana nguvu, akishalipa ya miezi sita nguvu imekwisha.

Akikague chumba mara mbili: mchana, na jioni baada ya saa moja watu wakiwa wamerudi. Mchana aangalie chini ya ukuta. Rangi inayomenyuka na unga mweupe kama chumvi ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, nguo zitaota ukungu. Alama ya rangi ya chai kwenye dari ni bati linalovuja. Mstari wa tope ulionyooka ukutani, hata ukiwa chini ya goti, maana yake mafuriko yalifika hapo. Mvua za Machi mpaka Mei zitayarudisha. Afungue bomba aone kama maji yanatoka kweli, na awaulize wapangaji wenyewe, si dalali: maji yanatoka siku gani, na mkikaa gizani ni kwa sababu gani.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Hiyo inajulikana. Isiyofaa ni kumpa dalali kodi yenyewe. Hela ya kodi iende kwa mwenye nyumba, baada ya wapangaji au ofisi ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba ndiye. Ipitie benki au simu ili ibaki na kumbukumbu. Akilazimika kutoa taslimu, karatasi isainiwe papo hapo.

Mkataba usiwe na porojo, ukurasa mmoja unatosha. Majina kamili ya wote wawili na namba za vitambulisho, chumba kipi, kodi ni kiasi gani, imelipwa ya kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani, umeme na maji vinagawanywaje, kitasa au bati likiharibika nani anatengeneza, taarifa ya kuhama ni ya siku ngapi. Kama kuna hela ya dhamana, iandikwe itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu zipi. Shahidi mmoja kila upande, nakala mbili. Siku ya kukabidhiwa funguo apige picha za kuta, dari, kitasa, vioo, na azitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo na ujumbe wa shikamoo, "nimepokea chumba kikiwa hivi". Akihama mwakani hakuna wa kumdai kioo kilichopasuka zamani. Kisha abadilishe kitasa au angalau kufuli, hajui funguo zile ziko kwa nani.

Wiki ya kwanza aende kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ajitambulishe. Barua ya utambulisho ataihitaji siku ya kufungua akaunti au kumwekea mtu dhamana, na hawamwandikii wasiyemjua.

Hesabu ya mwisho. Kodi ikiwa 100,000, siku ya kwanza zinatoka 700,000 pamoja na ya dalali. Vijana wanapumua wakidhani miezi sita hakuna kodi. Ipo. Miezi sita ni wiki 26, na 600,000 kugawa kwa 26 ni kama 23,100 kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, iwekwe pahala asipopagusa. Asiyefanya hivyo, mwezi wa saba ndio anaokutana na mikopo ya kausha damu: anapewa 100,000, anarudisha 130,000 baada ya mwezi. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, 360 kwa mwaka.

---

Zamu_ya_Usiku

Nakubaliana na dada hapo juu. Kwa upande wa afya nitaandika machache.

Akiungua: maji ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha dakika 20 kamili, kwa saa. Avue pete na saa kabla pahala hapajavimba. Dawa ya meno, mafuta na unga wa ngano visiguse jeraha, vinashika joto ndani na muuguzi atalazimika kuvikwangua. Lengelenge lisipasuliwe.

Akiharisha: pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, si kwenye glasi. Hana pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si vya mlima. Chumvi ikizidi inadhuru, na ikionjeka ina chumvi kuliko machozi, amwage aanze upya. Baada ya saa 24 kilichobaki kimwagwe. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au akishindwa kusimama, au hakojoi, aende hospitali bila kusubiri asubuhi.

Homa: apime kwanza. Asinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha. Akipimwa ana malaria na akapewa dawa mseto ya ALu, kwa mtu mzima ni vidonge vinne kwa mara moja, mara sita, jumla 24. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu asubuhi na jioni. Ameze akiwa amekula kitu chenye mafuta au maziwa, bila hivyo dawa hainyonywi vizuri. Siku ya pili atajisikia amepona, na hapo ndipo wengi huacha. Amalize zote. Panadol ya miligramu 500 haizidi vidonge viwili kwa mara moja na vinane kwa saa 24, akiangalia pia kama dawa ya mafua anayotumia ina paracetamol ndani.

Na kitu ambacho hakijatajwa: gesi ikiisha mvua inanyesha, asiingize jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka vizuri, usio na moshi kabisa, ndio unaoua, kwa sababu hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kinauma, usingizi mzito unakuja, haamki. Jiko liwashwe na libaki nje. Hata makaa yaliyofifia yasilale ndani.

---

BabaMdogo_Kimara

Mbarikiwe wote. Jumamosi nakaa naye na mtungi, ndoo ya povu, plagi mbili na bisibisi. MtungiSalama, la mwisho: mpira wa jiko la sahani mbili nililomwekea una kama miaka minne, kwa macho unaonekana mzima. Auchukue?

---

MtungiSalama

Hapana mkuu. Angalia maandishi kwenye mpira wenyewe, tarehe ya kutengenezwa imechapwa. Ukivuka miaka miwili badilisha. Ukunje kwa vidole karibu na zile ncha mbili, utaona vinyufa vyembamba kama vya tope lililokauka. Hapo ndipo unapoanzia kuvuja, na mpira ukiwa umenyooka vinyufa hivyo havionekani. Nunua mpira wa gesi, si wa maji, mita moja na nusu inatosha, na klipu mbili za chuma mpya. Upite pembeni ya jiko, usipite nyuma yake wala chini. Ukishafunga, povu kwanza.